Historia ya Picha Kuu na Safari Yake Hadi Njombe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Iringa, akiisha kuipita Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, hufika Makambako, mji uliokuzwa na makutano ya njia: barabara moja yashika magharibi kwenda Mbeya na Tunduma, ya pili yaelekea kusini kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mikono ya Wachina, Watanzania na Wazambia, yapanda hapo kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki, katika sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote za urefu wake wa kilomita 1,860. Mazao yote ya nyanda hizi hupita hapo: mbao, viazi, chai, mahindi, na katika miaka ya karibuni parachichi ziendazo ng'ambo. Serikali ilipoanza kuujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, njia ileile ya kwenda Mbeya ilipata abiria mwingine, nuru iendayo ndani ya nyuzi za kioo, na humo ndimo zipitamo barua, fedha na picha za watu wa Makambako na Njombe.

Muradi wa makala haya ni kusimulia habari ya mmoja tu kati ya abiria hao: picha kubwa iwekwayo juu ya ukurasa wa intaneti, ile ambayo jicho huitafuta kwanza, na namna kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kinavyoitambua au kinavyochelewa kuitambua. Aghalabu mkazi wa Njombe anapofungua ukurasa katika simu yake huona kwanza weupe mtupu, kisha maandishi, kisha nafasi iliyo wazi ambamo picha ilikusudiwa kukaa, na hatima yake picha yenyewe, ikiwa subira haijamwisha wala bando halijakatika. Lawama yote huuangukia mtandao, na mtandao kweli una makosa yake. Lakini historia ya jambo hili, ikifuatwa tangu mwanzo wake, yaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kungoja huko haitokani na urefu wa njia. Picha nyingi huchelewa kwa sababu zimechelewa kuombwa, na aliyezichelewesha ni yule aliyeutengeneza ukurasa.

Mwanzo wake ni huu. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na mji wa Geneva, alitoa pendekezo la kuunganisha maandiko ya wataalamu kwa viungo, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 kivinjari cha kwanza kilikuwa kimekwisha kufanya kazi. Ukurasa wa siku hizo ulikuwa maandishi. Picha, ikiwako, ilifunguka katika dirisha lake pweke baada ya msomaji mwenyewe kuitaka. Hapakuwa na picha kuu, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuingoja.

Tarehe 25 Februari 1993, Marc Andreessen, kijana wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, aliwapelekea wenzake pendekezo la alama mpya, img, ambayo kazi yake ni kutaja mahali picha ilipo ili kivinjari kiende kuileta na kuiweka katikati ya maandishi. Wenzake walikuwa na maoni mbalimbali, na Berners-Lee alikuwa miongoni mwa waliopendekeza njia nyingine. Lakini Andreessen na jamaa zake walikuwa wakitengeneza kivinjari cha Mosaic, wakaitia alama hiyo ndani yake, na dunia ikaifuata. Ilikuwa alama nyepesi yenye fadhila moja ambayo haikuthaminiwa ipasavyo hata miaka mingi baadaye: jina la picha limeandikwa waziwazi ndani ya maandishi ya ukurasa, mahali ambapo kila asomaye hulikuta.

Yafaa hapa kueleza jinsi ukurasa unavyosafiri, maana bila ya maelezo hayo sehemu iliyobaki haitafahamika. Ukurasa si kitu kimoja. Kivinjari hupeleka kwanza ombi kwa seva, kompyuta iliyouhifadhi ukurasa, nayo hukirudishia maandishi ya lugha ya HTML. Kivinjari huyasoma kutoka juu kwenda chini, na kila kikutapo jina la picha, la faili la mitindo lipangalo sura ya ukurasa au la programu, hupeleka ombi jingine. Kila ombi lina kwenda na kurudi kwake. Nuru ndani ya uzi wa kioo huenda takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde moja, kwa hiyo uzi wa kilomita 12,000 hutaka milisekunde 120 za kwenda na kurudi hata kama hapana chochote kinachouzuia, na juu ya hizo huongezwa ucheleweshaji wa mnara, wa vituo vya njiani na wa seva yenyewe. Fauka ya hayo, seva haimwagi shehena yote mara moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya kazi ya Van Jacobson juu ya msongamano wa mitandao, dasturi ni kuanza na mzigo mdogo na kuuongeza kila upokewapo salama. Kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2013, mzigo wa kwanza ni pakiti 10, yaani kiasi cha kilobaiti 14. Mwenye kujua hayo hufahamu kwamba kasi iliyotangazwa katika mabango ya kampuni za simu ni nusu ya habari; nusu ya pili ni idadi ya safari za kwenda na kurudi zinazohitajika kabla ya jicho kuona kitu.

Tanzania ya miaka ya 1990 ilizungumza na intaneti ya dunia kwa satelaiti. Satelaiti zilizosimama juu ya ikweta ziko kilomita 36,000 kutoka ardhini, hata swali moja na jibu lake, likipanda na kushuka mara mbili, hutumia karibu nusu sekunde angani tu. Ukurasa wenye picha nyingi ulikuwa adhabu kwa aliyekaa katika duka la intaneti akilipa kwa dakika, na wengi walizima picha katika kivinjari ili wapate maandishi. Netscape, kivinjari kilichotoka mwaka 1994 na kurithi utukufu wa Mosaic, kilileta nafuu tatu: kilionyesha maandishi bila ya kungoja picha, kilifungua njia kadhaa kwa wakati mmoja, na kilimruhusu mtunga ukurasa kutaja picha mbili kwa nafasi moja, nyepesi ya kutangulia na nzito ya kufuata. Hiyo ya tatu imesahauliwa, nami naihesabu kuwa ishara ya adabu ya zama zile, maana mtunga ukurasa alidhani kwamba msomaji wake anangoja, akamtayarishia kitu cha kumtuliza.

Mwaka 1995 ikazaliwa JavaScript, na pamoja nayo ukazaliwa ugonjwa. Programu iliyotiwa ndani ya ukurasa ina uwezo wa kuyabadili maandishi yaliyo chini yake, na kwa hiyo kivinjari, kila kilipoikuta, kilisimama kabisa, kikaingoja ifike, kikaitekeleza, ndipo kikaendelea kusoma. Picha iliyoandikwa mstari mmoja chini ya programu hiyo ilikuwa haijulikani muda wote huo. Njia ilikuwa tupu, seva ilikuwa tayari, na picha haikuombwa kwa sababu msomaji wa pekee alikuwa amesimama. Hali hii ilidumu zaidi ya miaka 10.

Katika muda huohuo Watanzania walianza kutunga kurasa zao wenyewe, na si za maandishi tu. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti ya Serikali, alianza kutoa kila siku picha za mikutano, harusi, misiba na safari katika ukurasa wake, na Watanzania waliotawanyika duniani wakawa wakiifungua nchi yao humo kila asubuhi. Kwa aliye nyumbani na simu ndogo, msaada mkubwa ulitoka Norway: Opera Mini, iliyoenea tangu mwaka 2006, haikuuleta ukurasa kama ulivyo, bali iliutuma kwanza kwa seva za Opera, zikaufungua huko, zikazifinya picha, kisha zikamletea mwenye simu akali ya uzito wake. Kwa miaka mingi, kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, hiyo ndiyo ilikuwa intaneti.

Kati ya mwaka 2008 na 2009 watengenezaji wa vivinjari, kila mmoja kwa upande wake, walipata tadbiri ya kuuponya ugonjwa wa kusimama. Misafara ya bara iliyotoka Bagamoyo na Kilwa katika karne ya 19 ilikuwa na kirangozi, mtu atanguliaye akijua njia, maji na vijiji vilivyo mbele, ili msafara ufikapo usikute mambo hayajatayarishwa. Nao mafundi walikipa kivinjari kirangozi wake. Huyu ni msomaji wa pili, mwepesi, asiyetekeleza programu wala kupanga ukurasa. Msomaji mkuu akisimama kuingoja programu, yeye huendelea mbele, akitafuta majina ya vitu tu, na kila akutapo jina huagiza kitu hicho kiletwe. Katika majaribio ya Mozilla na ya Google kurasa zilipungukiwa takriban asilimia 20 ya muda wa kufunguka, na sijui tengenezo jingine moja la vivinjari lililowafaa watu wengi kiasi hicho bila ya wao kujua kwamba limekuwako.

Naipenda sadfa ya tarehe. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa bahari wa SEACOM ulianza kazi, Dar es Salaam ikiwa moja ya bandari zake, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Nusu sekunde ya satelaiti ikapungua sana, na Mkongo wa Taifa ukaichukua neema hiyo kuipeleka bara. Njombe, iliyokuwa wilaya ya Iringa na ikawa mkoa mwaka 2012, iliipata njia nzuri na vivinjari vyenye kuona mbele karibu kwa wakati mmoja. Ingekuwa haki kutazamia kwamba kungoja kumekwisha.

Hakukwisha, na sababu yake ni wanadamu. Kirangozi yule ana upungufu mmoja: huona kilichoandikwa katika HTML na hakioni kisichoandikwa humo. Baada ya mwaka 2010 yakaenea mapambo ya picha zinazobadilishana juu ya ukurasa kama mandhari ya sinema, na picha hizo huwekwa na programu. Wengine wakaitaja picha kuu ndani ya faili la mitindo, iwe usuli wa maandishi, na kivinjari hakiwezi kuijua mpaka faili hilo lifike na lisomwe. Zikaja programu kubwa za kujenga kurasa, kama AngularJS ya mwaka 2010 na React ya mwaka 2013, ambazo nyingi zilitumiwa kwa namna ya kumpelekea msomaji ukurasa mtupu wenye amri moja: leta programu hii, nayo itauandika ukurasa. Tazama basi mlolongo wake kwa mtu wa Makambako mwenye simu ya bei nafuu: ombi la HTML, kisha ombi la programu, kisha kazi ya kichakataji dhaifu kuitafsiri, kisha ombi la habari, na mwisho kabisa ombi la picha. Njia mpya ilijengwa kwa fedha nyingi, na picha ikafichwa nyuma ya pazia nne.

Muda mrefu maradhi haya hayakuwa na kipimo. Mafundi walipima wakati ukurasa wote umekwisha kufika, jambo ambalo halimhusu msomaji, kwa kuwa yeye hutaka kile kilicho mbele ya macho yake. Mwaka 2019 kivinjari cha Chrome kilitiwa kipimo kiitwacho Largest Contentful Paint, ambacho mafundi hukitaja kwa herufi tatu, LCP. Kivinjari hutazama vitu vilivyochorwa ndani ya kioo cha simu, picha au fungu la maandishi, hukadiria eneo la kila kimoja, na huandika wakati kilipoonekana kilicho kikubwa kuliko vyote. Kikija kikubwa zaidi baadaye, hicho hushika nafasi, mpaka msomaji agusapo au ashushapo ukurasa, na hapo hesabu hufungwa. Kwa hiyo kivinjari hakijui kabla ipi ni picha kuu, hujua baada ya kuiona. Hata picha iliyo katika HTML huombwa kwanza kwa daraja la chini, kwa sababu kabla ya kupangwa kwa ukurasa kivinjari hakiwezi kujua kama picha hiyo ni bendera ya ukurasa au ni alama ndogo iliyo chini kabisa. Mpango ukitimia na picha ikionekana imo katika kioo, ndipo hupandishwa daraja, na muda umekwisha kupotea.

Mwezi wa Mei 2020 Google walitangaza kwamba LCP njema ni isiyozidi sekunde 2.5, na ipitayo sekunde 4 ni mbaya. Tangu Juni 2021 wakaanza kukitumia kipimo hicho, pamoja na vingine, katika kupanga majibu ya utafutaji. Nasifu tendo hilo, lakini nina neno juu ya hesabu yake. Ukurasa huhesabiwa kuwa mwema iwapo robo tatu ya ziara zake zimetimiza kiasi hicho, na robo iliyobaki haiulizwi. Chukua ukurasa wa msafirishaji wa parachichi ambao wageni wake wengi ni wanunuzi wa Ulaya wenye mitandao ya kasi: watapata picha kwa sekunde moja, kipimo kitaridhika, na mkulima wa Wanging'ombe au wa Lupembe aufunguaye ukurasa huohuo ili ajue bei na masharti ya kununuliwa zao lake atabaki katika robo isiyoulizwa. Ukurasa unaozungumza habari za Njombe haupaswi kupimwa kwa kioo cha London peke yake.

Hapa yaingia kisa cha WordPress, programu inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, na nyingi za Tanzania zimo. Mwezi wa Agosti 2020, kwa nia njema ya kuokoa data za watu, watunzi wake waliziamuru picha zote zingoje mpaka msomaji azikaribie ndipo ziombwe. Kwa picha za chini ilikuwa rehema, hasa kwa mwenye bando dogo. Kwa picha ya juu ilikuwa dhara, maana ile ambayo ingeombwa mara moja na kirangozi ilizuiwa mpaka ukurasa upangwe na kivinjari kihakikishe kwamba imo machoni. Walipopima wakayaona madhara, na mwezi wa Januari 2022 wakaiondoa picha ya kwanza katika amri ile. Mwezi wa Agosti 2023 wakaenda mbele zaidi, programu ikawa yakisia yenyewe ipi ni picha kuu na kuiandikia neno la kuitanguliza. Mwenye tovuti ya Njombe ambaye hajaibadili WordPress yake tangu mwaka 2021 bado anaishi ndani ya kosa ambalo wenyewe walikwisha kulisahihisha.

Neno hilo la kutanguliza ni fetchpriority, nalo lilikubaliwa na kivinjari cha Chrome mwaka 2022, na cha Safari mwaka 2023, na cha Firefox mwaka 2024. Huandikwa ndani ya alama ileile ya Andreessen, kando ya jina la picha, na maana yake ni kukiambia kivinjari kwamba hii ndiyo picha kuu, usingoje mpango, iombe sasa kwa daraja la juu. Google walipolijaribu katika ukurasa wao wa safari za ndege, LCP ilishuka kutoka sekunde 2.6 hadi 1.9 bila ya kubadili picha wala seva. Sekunde 0.7 kwa neno moja.

Sidai kwamba neno hilo ni dawa ya kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, Tanzania nzima iliona taabu, na hapakuwa na maandishi ya HTML ya kuwafaa watu. Wala picha iliyoitwa mapema haitawahi ikiwa imenenepa kupita kiasi: picha ya megabaiti 4, kama itokavyo katika kamera ya simu, ikipita katika njia ya megabiti 2 kwa sekunde hutaka sekunde 16, ilhali ileile, ikipunguzwa kwa kadiri ya kioo cha simu hadi kilobaiti 100, hutaka chini ya nusu sekunde, na bando la mwananchi likasalimika. Na yuko anayeweza kusema kwamba heri picha isiwepo kabisa. Huyo nitamwonyesha matokeo ya Baraza la Mitihani, majedwali ya maandishi matupu ambayo mzazi wa Makete huyafungua upesi kuliko habari yoyote ya gazeti, na nitamkubalia kwamba kwa kazi ile ndiyo haki yake. Lakini mwenye nyumba ya wageni, mwenye miche ya parachichi na mwenye mbao za kuuza hawawezi kuuza kwa jedwali. Mnunuzi wao anataka kuona.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Njombe na Makambako wanaotengeneza kurasa za maduka, za shule, za ushirika na za halmashauri: iandikeni picha kuu katika HTML yenyewe, kwa alama ya img, na vipimo vyake vya upana na urefu, msiifiche katika programu wala katika faili la mitindo, msiingojeshe, itieni neno la kuitanguliza, na zile za chini ziacheni zingoje. Kisha, kabla ya kumkabidhi mwenye kazi na kupokea malipo, ufungueni ukurasa huo kwa simu ya bei nafuu, kwa data za kawaida, mkiwa stendi ya Makambako wakati wa jioni mabasi yanapokuwa mengi na kila abiria ameshika simu yake, na ikiwa picha haijaonekana ndani ya sekunde 2.5, rudini mezani.